Viungo vikizimika kwa kufuatana: watafiti wameona nini?

Mara mingi mugonjwa mahututi haui­wi na malaria ao kidonda chenyewe. Mafigo yanaacha kuchuja, mapafu yanachoka, kisha moyo na maini vinafuata.

Mwaka 1996 waganga walitoa kipimo cha SOFA: mapafu, damu, maini, moyo, ubongo na mafigo, kila kimoja alama 0 hadi 4. Ni kizuri, lakini kinaomba vipimo vya labo, na senta mingi za vijijini hazina.

Somo lililoshitua zaidi lilitoka Afrika. Utafiti FEAST, uliotangazwa 2011, ulifuata watoto 3141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliotiwa serumu mingi kwa haraka, sawa vile vitabu vilifundisha, walikufa karibu 11 kwa 100 ndani ya masaa 48. Waliotiwa polepole: 7 kwa 100. Kumbe mzazi anayelilia serumu ifunguliwe sana hasaidii kila mara.

Watoto wa kuhara hawakuingizwa katika utafiti huo. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji maji haraka.