Silinda Moja na Silinda Nyingi

Jina la pikipiki katika lugha yetu limetokana na sauti yake. Watu walisikiliza injini ikipiga, pigo baada ya pigo, wakakiita chombo kwa mlio wake. Mlio huo wa kukatika ni mlio wa silinda moja. Injini ya silinda sita hulia mfululizo, na yamkini ingalipewa jina jingine. Makala haya yanaeleza jinsi mafundi wa mashindano walivyozidisha silinda, jinsi walivyowekewa mpaka, na kwa nini pikipiki zinazopita leo Vingunguti, katika wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, zimebaki aghalabu na silinda moja.

Kwanza tutazame kazi ya injini. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Katika injini ya mipigo minne huvuta hewa na petroli, huvishindilia, husukumwa na mlipuko, kisha hutoa moshi. Nguvu hupatikana mara moja katika mizunguko miwili. Katika injini ya mipigo miwili nguvu hupatikana kila mzunguko, lakini petroli kidogo hutoroka pamoja na moshi kabla ya kuungua, na oili huungua pamoja na petroli.

Sheria za mashindano huweka mpaka wa ujazo wa injini. Fundi aliyekatazwa kuongeza ujazo hubakiwa na shauri la kuongeza kasi ya mizunguko, ili injini imeze hewa nyingi zaidi kwa dakika. Lakini pistoni kubwa ni nzito, na ikikimbizwa kupita kiasi huvunjika. Kwa hivi ujazo uleule hugawanywa katika silinda nyingi ndogo, zenye pistoni nyepesi zinazostahimili mbio.

Mashindano ya kisiwa cha Man yalianza mwaka 1907, na kwa miaka mingi silinda moja ilikuwa na heshima yake huko. Ray Amm, mwenyeji wa Salisbury, mji unaoitwa sasa Harare, alishinda mbio kuu za kisiwa hicho mwaka 1953 na 1954 juu ya Norton ya silinda moja. Hata hivyo zama zake zilikuwa zikiisha. Gilera ya Italia, yenye silinda nne, ilitoa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 500 mara sita kati ya 1950 na 1957. Jirani yake, Moto Guzzi, iliunda injini ya silinda nane kwa ujazo uleule; ilikuwa ajabu ya ufundi, ila kuitunza kulikuwa taabu, na mwishoni mwa 1957 kampuni hiyo iliacha mashindano.

Mwaka 1959 Honda ya Japani ilifika kisiwani Man kwa mara ya kwanza, na mwaka 1961 ilikwisha kupata ubingwa wa dunia. Miongoni mwa wapandaji wake alikuwa Jim Redman, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini, aliyepata ubingwa mara sita kati ya 1962 na 1965. Lakini mshindani mkali alikuwa akiinuka Ujerumani ya Mashariki. Huko Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ aliligeuza bomba la moshi kuwa sehemu ya injini. Alilipa umbo la kupanuka na kusinyaa, hata mwangwi wa mlipuko ukarudi na kuisukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka. Mwaka 1961 mpandaji wake, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi akiwa na siri hiyo kichwani. Mwaka uliofuata Suzuki ilishinda ubingwa wa sentimita za ujazo 50, na mpandaji alikuwa Degner yuleyule.

Honda ilishika mipigo minne, ikajibu kwa kuzidisha silinda. Pikipiki yake ya sentimita 125, iliyompa Luigi Taveri ubingwa wa 1966, ilikuwa na silinda tano. Kila silinda ilikuwa na ujazo wa vijiko vitano vya chai, na injini ilizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Ile ya 250 ilikuwa na silinda sita, na Mike Hailwood aliipatia ubingwa mwaka 1966 na 1967. Gharama zilipanda hata shirikisho la mchezo likaweka mpaka wa idadi ya silinda: moja kwa pikipiki za 50 tangu 1969, na mbili kwa zile za 125 na 250 tangu 1970. Honda ilikuwa imekwisha kuondoka. Mipigo miwili ikatawala; mwaka 1975 Giacomo Agostini aliipa ubingwa mkuu wa 500 juu ya Yamaha. Mwaka 2002 sheria ziliiruhusu mipigo minne ujazo wa 990 dhidi ya 500, nayo ikarudi kileleni.

Hapana shaka, basi, kwamba kila injini ni jibu la sheria iliyoizaa. Sheria ya Vingunguti haikuandikwa na shirikisho lolote. Imewekwa na bei ya petroli, mzigo, vumbi, madimbwi, na hesabu ambayo dereva wa bodaboda humpelekea tajiri wake jioni. Jibu lake lilitayarishwa zamani. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki ya silinda moja na mipigo minne, kwa ajili ya nchi ambako chombo hubebeshwa mizigo mizito na oili hukawia kubadilishwa. Viwanda vya China viliiga muundo huo, na India ilileta Boxer na TVS, zenye silinda moja vilevile. Kanuni za mwaka 2010 zilipotambua biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki nchini Tanzania, injini za jamii hiyo ndizo zilizokuwa tayari kwa kazi.

Wapo vijana wanaotoboa bomba la moshi wakidhani wanaongeza mbio. Bomba la Kaaden lilipimwa kwa hesabu, na lilifaa mipigo miwili. Kulitoboa la mipigo minne huleta makelele kuliko nguvu, na jirani aliyelala ndiye hulipa gharama. Heshima ya injini ya silinda moja i katika jambo jingine: fundi aweza kuifungua kando ya barabara kwa spana chache, akabadilisha pete za pistoni, na kabla ya jua kuchwa dereva akarudi kazini. Honda ya silinda sita ilihitaji kiwanda kizima nyuma yake. Fundi mwenye haki hupima kila injini kwa swali iliyoulizwa, na katika swali la riziki silinda moja haijashindwa.