Nauli ya Idi: Nani Alipanda Ndege Malawi, na Nani Alilipa?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi. Kila Idi inapokaribia, na tena kila mwisho wa mwaka unapokaribia, hapa Dzaleka huulizwa swali lile lile: tiketi ni kiasi gani? Mama yuko hapa, mtoto yuko Canada. Kaka yuko Australia, wadogo zake wako hapa. Uwanja wa ndege wa Kamuzu uko Lumbadzi, katikati ya Lilongwe na kambi yetu, na kila aendaye mjini kwa minibasi hupita njia panda yake. Uwanja uko karibu lakini ndege ni ghali, hasa katika majuma yale ambayo kila mtu anataka kuwa na jamaa zake. Leo tuitazame historia ya jambo hili, maana bei ya tiketi haikushuka kutoka mbinguni. Kuna watu waliiweka, na kuna nyakati ambapo watu wa kawaida wa nchi hii walisafiri kwa ndege bila kuwa matajiri.

Tuanze kabla ya ndege. Msimu si jambo jipya kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Wazee wa pwani walisafiri kwa pepo mbili. Kaskazi, inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi kama Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, na kusi, kuanzia kama Aprili, iliyarudisha. Aliyechelewa kusi alikaa Unguja akingoja miezi. Biashara hiyo ya pwani ndiyo iliyowafikisha Waswahili hadi ziwani kwetu. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kama Jumbe, aliweka makazi yake Nkhotakota, na Uislamu ukapata mizizi pale, na baadaye kwa Wayao wa upande wa Mangochi. Kutoka Nkhotakota hadi Dowa, wilaya ambamo kambi yetu imo, si mbali. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili na Uislamu vimeletwa huku na wakimbizi wa juzi, mwambieni asome tena.

Ndege za kimataifa zilizotua kwenye ziwa hilo hazikuja kwa ajili ya Wayao. Mwaka 1949 shirika la Kiingereza la BOAC lilianza kutua Cape Maclear, upande wa Mangochi, kwa ndege zake za majini zilizotoka Southampton kwenda Johannesburg. Mwaka 1950 safari hizo zilikwisha. Abiria walikuwa maafisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na watalii, na wenyeji waliitazama ndege kutoka ufukweni.

Ni nani basi Mmalawi wa kawaida wa kwanza kupanda ndege? Hapa historia inashangaza. Alikuwa mchimba madini. Kampuni ya kuajiri vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, WNLA, ambayo watu huiita Wenela hadi leo, ilianza katika miaka ya 1950 kuwasafirisha watu kwa ndege kupitia Francistown, Botswana. Vijana wa vijijini, Waislamu wengi wa Mangochi na Machinga wakiwemo, ambao baba zao walitembea kwa miguu kwenda Johannesburg, walijikuta angani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 Wamalawi zaidi ya laki moja walikuwa katika migodi hiyo. Hakuna aliyezunguka kwa mawakala kuulizia tiketi. Ndege zilikuwa za mwajiri, zilijazwa watu, zilienda na kurudi kwa ratiba ya mikataba, na hiyo ndiyo siri ya unafuu wake: abiria wengi pamoja, na mtu mmoja mwenye nguvu anayewapangia safari. Kwamba nguvu hiyo ilikuwa ya mwajiri na si yao, hilo nalo tulikumbuke.

Tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya Wenela aina ya DC-4 ilianguka karibu na Francistown muda mfupi baada ya kuruka. Ilikuwa inawarudisha wachimbaji nyumbani, ikielekea Blantyre. Walikuwemo watu 84, na 78 wakafa. Sababu ilikuwa mafuta: ndege ya injini za pistoni ilijazwa mafuta ya ndege za jeti. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Rais Banda alisimamisha uajiri huo, na maelfu ya wengine wakarudi makwao. Familia nyingi zilipoteza kipato, na Mmalawi wa kijijini akapoteza nafasi yake katika ndege.

Baada ya hapo ndege zikarudi kuwa za wakubwa. Shirika la Air Malawi lilianzishwa mwaka 1964. Kuanzia 1974 hadi 1979 lilikuwa na ndege moja kubwa aina ya VC10 iliyokwenda London, fahari ya taifa changa. Mji mkuu ulihamia Lilongwe mwaka 1975, na uwanja mpya wa Kamuzu ukafunguliwa mwaka 1983. Wakati huo nauli za kimataifa hazikuwa za kushindana. Tangu mwaka 1945 mashirika ya ndege yalikuwa yakikaa pamoja katika chama chao cha IATA na kukubaliana bei, kisha serikali zikaidhinisha. Ukienda kwa wakala huyu au yule, bei ya halali ilikuwa karibu moja.

Mambo yalibadilika Marekani ilipopitisha sheria ya 1978 iliyoyaacha mashirika ya ndani yajipangie nauli. Kutoka hapo ulienea utaratibu tunaouona sasa, ambao wengi hawaufahamu. Ndege moja haina bei moja. Viti vya daraja la kawaida hugawanywa katika mafungu, kila fungu na bei yake, na mafungu ya chini huisha kwanza. Kompyuta hutazama kasi ya watu kununua na hufunga mafungu ya bei nafuu mapema kwa tarehe zinazotakiwa sana. Ndiyo maana watu wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa kiasi tofauti kabisa. Na ndiyo maana anayeanza kutafuta tiketi ya Desemba mwishoni mwa Novemba hukuta fungu la juu peke yake.

Afrika ilisema nayo itafungua anga zake. Uamuzi wa Yamoussoukro ulifikiwa mwaka 1999, na mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Maneno yalikuwa mengi kuliko ndege. Mwaka 2012 kampuni ya fastjet ilianza Tanzania kwa nauli za chini ambazo hatukuwa tumezizoea, na mwaka 2015 ikafungua safari ya Dar es Salaam hadi Lilongwe. Bei ya tangazo haikuwa na kodi ndani yake, na kodi za viwanja zilikuwa kubwa. Hata hivyo kwa muda mtu wa hapa aliweza kulinganisha ndege na basi. Haikudumu. Mwisho wa mwaka 2018 fastjet iliacha kuruka Tanzania. Air Malawi yenyewe ilikuwa imeshafilisika, na mahali pake pakaja Malawian Airlines iliyoanza kuruka mwaka 2014, ambamo Ethiopian Airlines ilichukua asilimia 49.

Kuna jambo lingine ambalo watu huwalaumu mawakala bure. Tiketi ya kimataifa hupangwa kwa dola. Tuseme tiketi ni dola 1,000. Kabla ya Mei 2012 hizo zilikuwa kama kwacha 168,000. Kwacha ilipopunguzwa thamani mwezi huo zikawa 250,000. Novemba 2023 serikali ilipoishusha tena, kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa dola, tiketi ile ile ikaruka kutoka kwacha 1,180,000 hadi 1,700,000. Shirika la ndege halikuongeza hata senti. Aliyekuwa akiweka akiba ya kwacha kidogo kidogo ili akamtembelee mwanawe aliona karibu theluthi moja ya akiba yake ikiyeyuka kwa tangazo la siku moja.

Sasa tuje kwetu. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Banda, na mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kama elfu kumi hivi. Leo tumezidi elfu hamsini, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingine. Malawi iliridhia mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 lakini ikaweka masharti, likiwemo la kutembea huru, kwa hiyo wengi wetu hatuwezi kwenda popote kwa hiari yetu, hata nauli ikiwa bure. Wanaoruka ni wale wanaohamishiwa nchi ya tatu, na safari yao huandaliwa na IOM. Mmewaona na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi hizo.

IOM haikuanzia Afrika. Ilizaliwa mwaka 1951 kwa ajili ya Wazungu waliopoteza makwao katika vita, na iliwasafirisha kwa meli kwenda Marekani, Canada, Australia na Amerika ya Kusini. Kwa kuwa ilipeleka watu wengi, iliweza kuomba nauli za chini kwa wenye meli, na baadaye kwa mashirika ya ndege. Ni kanuni ile ile ya Wenela, ila safari hii kwa manufaa ya msafiri. Tiketi zake ni rahisi kuliko anazouziwa mtu mmoja, na huruhusu mizigo zaidi.

Lakini nafuu haina maana ya bure. Wanaokwenda Marekani chini ya mpango wa wakimbizi huweka saini ya deni la nauli, kila mtu mzima, na huanza kulipa miezi sita baada ya kufika. Canada nayo ilianza mikopo ya nauli mwaka 1951, kwa wahamiaji kutoka Ulaya, kabla haijawafikia wakimbizi wa Afrika. Hapa pana jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Mkopo wa Marekani hauna riba. Wa Canada ulikuwa na riba hadi tarehe 21 Februari 2018 ilipoondolewa. Kwa miaka mingi, basi, familia ya Kiislamu iliyopata Canada iliwekewa mbele karatasi yenye riba, na njia nyingine ya kutoka kambini haikuwepo. Wengine walijitahidi kulipa mapema kabla riba haijaanza kuhesabiwa, wakiacha kununua makoti na baridi imewafikia. Suala la dharura na riba ni la masheikh, nami silitolei fatwa. Ila vijana wanaosoma sheria wajue kwamba ondoleo lile lilikuja kwa mabadiliko ya kanuni, baada ya watu kulidai kwa miaka.

Australia ina utaratibu wake. Mwenye viza ya wakimbizi namba 200 hulipiwa na serikali. Mwenye viza namba 202, ambayo hupatikana kwa kudhaminiwa na jamaa aliyeko kule, nauli ni juu yake au juu ya mdhamini. Hapo ndipo kaka mmoja anayefanya kazi kiwandani Australia hujikuta ananunua tiketi sita au saba kwa mpigo. Na viza ina tarehe yake ya mwisho ya kuingia. Ikiangukia Desemba, hana nafasi ya kungoja bei za Februari.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimeshapangwa zikafutwa. Watu waliokuwa wamegawa vyombo vyao vya ndani walibaki na vyumba vitupu. Allah awafanyie wepesi.

Na wale wanaotaka kuja kutuona? Hapa kalenda yetu inaweza kuwa msaada, ikieleweka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa kama siku 11, hivyo Idi huzunguka misimu yote katika kama miaka 33. Mashirika ya ndege hupandisha bei Desemba, na pia Julai na Agosti shule za Ulaya na Amerika zinapofungwa. Idi el Fitri ya 1421 ilikuwa tarehe 27 Desemba 2000, katikati ya bei za juu. Idi el Hajj ilikuwa katika siku za mwisho za mwaka 2006. Kisha kuanzia 2011 hadi 2016 Idi el Fitri ilipita ndani ya Agosti na Julai, na jamaa zetu wa ng'ambo walilipa kama watalii.

Sasa tumo katika miaka ya nafuu. Idi el Fitri inarudi nyuma kutoka Machi hadi Februari, ambapo watu wa Ulaya na Amerika hawasafiri sana. Ugumu ni njia za Ghuba, maana Dubai na Jeddah hujaa Waislamu wenzetu, hasa kumi la mwisho la Ramadhani kwa ajili ya Umra. Anayepitia Addis Ababa au Nairobi huikwepa sehemu kubwa ya msongamano huo. Dirisha hili halitakaa sana. Kwa hesabu za mwezi, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, ya kwanza kuanza mapema Januari na ya pili mwishoni mwa Desemba, na mwaka 2033 Idi el Fitri itaangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na karibu tarehe 23 Desemba. Mwenye mama yake hapa Dzaleka na anayeweka akiba huko aliko, miaka ya kutazama ni hii ya kabla ya hapo, na akiba aiweke katika sarafu ya huko huko.

Wabillahi tawfiq.