Kisanduku Kimoja, Wenyewe Wawili: Ardhi ya Mailo katika Jedwali la Kompyuta

Likizo iliyopita nilimaliza majuma kumi ya mafunzo kazini katika idara ya teknolojia ya mji wa Kampala. Nasomea utunzaji wa nyaraka, na nilipoingia katika chumba kile cha kompyuta nilidhani somo la historia nimeliacha darasani. Katika insha hii nitaeleza jinsi kosa langu la juma la tatu lilivyonirudisha hadi mwaka 1900.

Nilipewa kazi ya kutengeneza jedwali la majaribio la kuingizia kumbukumbu za viwanja zilizokuwa zimeandikwa kwa mkono. Nilipanga safu zangu vizuri: namba ya kiwanja, eneo, matumizi, na mwisho kabisa "mmiliki". Kisanduku hicho cha mwisho nilikifanya kiwe cha lazima, tena kipokee jina moja tu. Mzee mmoja wa masijala alisimama nyuma yangu, akavaa miwani, akakitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mmiliki yupi?"

Sikuwa na jibu.

Jibu linaanzia tarehe 10 Machi 1900, siku ambayo Sir Harry Johnston alitia saini Mkataba wa Buganda pamoja na watawala wa niaba wa Kabaka Daudi Chwa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Mkataba huo uligawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba. Kabaka, jamaa zake, machifu na watu wengine wenye vyeo walipata maeneo makubwa yawe mali yao ya kudumu. Hapo ndipo ulipozaliwa umiliki wa mailo, na sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuhitaji kuambiwa neno hilo ni ndugu wa "maili". Lakini ardhi iliyogawiwa haikuwa tupu. Wakulima walikuwa wakiishi humo, wakilima migomba yao na kuzika wazee wao. Kwa mkataba huo, wakawa wakaaji katika ardhi ya mtu mwingine. Sehemu anayoishi mkaaji wa namna hiyo huitwa kibanja.

Wenye mailo walipozidi kudai kodi na sehemu ya mazao, malalamiko yalikuwa mengi. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliweka kiwango cha malipo hayo na kumkinga mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Kwa maneno mengine, tangu wakati huo sheria yenyewe ilikubali kuwa kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki.

Mwaka 1975 Idi Amin alitoa amri iliyoifanya ardhi yote kuwa ya serikali. Mwenye mailo akageuzwa kuwa mpangaji wa serikali, na mwenye kibanja akapoteza kinga ya sheria ya 1928. Katiba ya mwaka 1995 iliurudisha umiliki wa mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo ikamtambua tena mkaaji halali, pamoja na yule aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila kupingwa na mwenye ardhi.

Historia hii inaonekana katika mji wenyewe. Kampala ya wakoloni, yaani Nakasero na vilima vya jirani, ilipangwa juu ya ardhi ya serikali. Mengo, makao ya Kabaka, ilikuwa na utawala wake, na watu wake wengi waliishi katika vibanja. Mipaka ya Kampala ilipopanuliwa mwaka 1968, pande hizo mbili ziliingizwa chini ya baraza moja. Mpaka ulifutwa kwenye ramani, lakini haki za ardhi zilibaki kama zilivyokuwa. Jedwali langu lingefaa kwa kiwanja cha Nakasero. Kwa Mengo au Kawempe lingemwandika mwenye hati na kumwacha nje anayelala humo.

Kawempe naijua. Bibi yangu mzaa mama anaishi huko katika kibanja kilichonunuliwa na babu. Hana hati. Ana kopo la majani ya chai lenye stakabadhi za busuulu na karatasi ya mauziano yenye alama za vidole vya mashahidi. Siku ile nilijaribu kuliingiza jina lake katika jedwali nililolitengeneza mwenyewe. Jedwali lilikuwa limekwisha kupokea jina la mwenye mailo, basi likamkataa bibi.

Nilibadilisha kazi yangu. Badala ya "mmiliki" niliweka safu tatu: mwenye hati, mkaaji mwenye kibanja, na uthibitisho alionao. Mzee wa masijala akaniongezea ya nne, "aliyempa kibanja", kwa sababu mara nyingi ushahidi wa mkaaji ni mlolongo wa watu waliouziana.

Wanafunzi wenzangu, tumezoea kuitafuta historia katika mikataba na hotuba. Mimi nimejifunza kuitafuta pia katika fomu. Anayetengeneza fomu huamua nani ana jina na nani hana, na huenda anarudia uamuzi wa mwaka 1900 bila kujua. Karatasi ya zamani iliacha pembeni nafasi ya kuandika neno kwa kalamu, lakini kisanduku cha kompyuta hakina pembeni.

Siku ya mwisho nilikabidhi jedwali lenye safu zile nne. Bado kuna swali moja ambalo sikuweza kulitatua: mkaaji ambaye kopo lake liliungua pamoja na nyumba, katika safu ya uthibitisho tumwandikie nini?