Homa ya mwaka 1918: Kwa Nini Vifo Havikulingana



Katika toleo hili la kumbukumbu tunawataja wenzetu tuliowazika hapa kambini. Sisi wa kamati tumeona vema kuandika pia habari za homa kubwa ya mwaka 1918 na 1919, kwa sababu katika mikutano yetu huulizwa mara nyingi: mbona ugonjwa ni uleule, lakini mahali pamoja watu wanakwisha na kwingine wanapona?

Homa hiyo ilikuwa mafua makali. Iliitwa Homa ya Kihispania, ingawa hakuna uthibitisho kwamba ilianzia Hispania. Nchi hiyo haikuwamo vitani, na magazeti yake yaliandika wazi habari ambazo nchi zilizokuwa zikipigana zilizificha. Makadirio yanayotajwa sana ni watu milioni 50 waliokufa duniani. Kinyume cha mafua tuliyoyazoea, iliwaua mno vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Wengi walimalizwa na kichomi kilichofuata, na antibiotiki hazikuwapo bado.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka visiwa vya Samoa, katika bahari ya Pasifiki. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, iliruhusiwa kushusha abiria Apia, Samoa ya Magharibi, ingawa ilikuwa na wagonjwa. Wakafa watu wapatao 8,500 kati ya 38,000. Visiwa vya jirani vilikuwa chini ya Marekani, na gavana wake, John Poyer, aliweka karantini kali kwa meli. Huko hakufa hata mtu mmoja kwa homa hiyo. Ni watu wa asili moja na lugha moja.

Wafanyakazi wa mashirika hupima vifo vya kambi kwa kila watu 10,000 kwa siku, na kikizidi kifo kimoja huwa ni dharura. Tumegawanya vifo vya Samoa ya Magharibi kwa siku 60. Tumepata kama 37 kwa siku.

Lakini si meli peke yake. New Zealand ilikuwa nchi moja yenye serikali moja, na bado Wamaori walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara saba au zaidi ya kile cha Wazungu. Nchini India, mikoa ya magharibi na kati iliumia kuliko Bengal ya mashariki, na mwaka huo mvua za masika ya kusi zilikuwa chache mno, chakula kikapanda bei. Mwenye njaa, aliyebanana na wenzake na asiye na wa kumpa hata maji, hufa kwa ugonjwa ambao jirani yake anaupona.

Huku kwetu Afrika Mashariki homa iliingia bandari ya Mombasa mwezi Septemba 1918. Iliwakuta watu wamechoka. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimechukua wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi, na majeshi yalikuwa yamekula akiba ya vijijini. Jenerali Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, jeshi lake lilipitishwa ziwani hadi Kigoma, ambako wengi wetu tumepata kushuka, kisha kwa treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Baadhi ya waliookoka risasi kwa miaka minne walikufa kwa mafua wakiwa mateka.

Kwa Kenya hutajwa vifo kama 150,000. Kwa Tanganyika wanahistoria hukadiria kati ya 50,000 na 80,000. Tuitazame vizuri hesabu hiyo ya pili. Kati ya tarakimu moja na nyingine wamo watu 30,000, ambao hakuna awezaye kusema kama walikufa au hawakufa. Madaktari walikuwa wachache, maofisa walikuwa vitani, na mtu wa kijijini alizikwa na jamaa zake bila kuandikwa popote.

Hapa tutasema wazi, na wazee watusamehe. Zipo familia zinazoficha kifo kwa kuogopa kupunguziwa posho katika kadi. Tunaielewa hofu hiyo, kwani posho yenyewe haitoshi, na kamati imeshawaambia wahusika wa mgawo kwamba nyumba iliyofiwa isikatwe chakula wiki ileile ya msiba. Lakini zahanati hupangiwa dawa na wauguzi kwa kufuata idadi iliyoandikwa, na kijiji kinachozika watano na kuandikisha wawili huonekana katika karatasi kuwa kina afya njema.

Majina yanaanza ukurasa unaofuata, kwa kufuata vijiji. Familia ambayo mtu wake hayumo imwone katibu wa kamati, hata kama miaka imepita.