Si dunia iliyoua pareto yetu

Kila wiki kuna mkubwa fulani kwenye runinga anatuambia vijana tujiandae, dunia inabadilika. AI inakuja. Magari ya stima yanakuja. Mvua haieleweki, misaada ya Marekani imekatwa, masoko ya nje yanafungwa. Tujiandae. Sawa, tumesikia. Lakini hakuna anayesema kujiandaa ni kufanya nini hasa, na nani anafaa kuanza, mimi na simu yangu ama yeye na wizara yake.

Basi nimekuwa nikisoma historia (niliacha chuo, sikuacha kusoma) nikitafuta mara ambazo badiliko kubwa la dunia liliikuta Kenya, nione tulifanya nini. Visa viwili vimenikaa kichwani kwa sababu vyote viko Nakuru. Kaunti moja. Kimoja tulishinda, kingine tulipoteza vibaya, na sababu si ile tunaambiwanga.

Tuanze na ile ya kupoteza.

Kama ulizaliwa baada ya mwaka wa 2000 kama mimi, pengine hujawahi kuona shamba la pareto. Ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, dogo, halina makuu. Lakini ndani ya kichwa chake kuna sumu inayoangusha mbu na nzi papo hapo, na ikipigwa na jua inaisha nguvu haraka, haibaki kwenye chakula wala udongoni. Ile dawa ya mbu ya kuzunguka ambayo watu huchoma usiku ilianza kwa kutengenezwa na pareto. Ya siku hizi mara nyingi ni kemikali ya maabara iliyoigwa kutoka kwa ua hilo.

Mmea wenyewe si wa huku. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya nchi tunayoiita Croatia leo, na mbegu zilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Walowezi wakaipanda nyanda za juu kwa sababu pareto hupenda baridi. Wakati huo Japan ndiyo ilikuwa ikiuzia dunia. Halafu Vita Kuu ya Pili ikalifunga soko la Japan, na majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa na askari wanaoumwa na mbu na chawa kila mahali. Kenya ikajipata mbele bila kupanga.

Kisha likaja badiliko la kwanza. Mwaka wa 1939 Mswisi anayeitwa Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Ilikuwa rahisi, ikipakwa ukutani inakaa miezi, na mwaka wa 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Ungekuwa mshauri wa mambo ya biashara mwaka huo ungesema pareto kwisha, ng'oeni. Haikuisha. Wadudu walianza kuizoea DDT. Mwaka wa 1962 Rachel Carson wa Marekani akatoa kitabu cha Silent Spring kuhusu vile dawa hizo zilikuwa zinaharibu ndege na mito, na mwaka wa 1972 Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT. Ua letu lilikuwa bado lipo shambani.

Na baada ya uhuru lilikuwa limeshaingia kwa watu wadogo. Molo, Kinangop, Kisii, mtu alikuwa na robo ekari tu ya pareto kando ya mahindi. Hakuna mashine. Unachuma ua kwa ua na mkono, unaanika juani, unapeleka kwa sosaiti, mzigo unaenda kiwanda cha Bodi ya Pareto pale Nakuru, unapimwa una nguvu kiasi gani, unalipwa. Ilikuwa kazi ya kina mama zaidi. Pesa hiyo ililipa karo za watu ambao leo wanatuambia tujiandae. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya pareto ya dunia nzima ilitoka Kenya.

Badiliko la pili ndilo tunalaumu. Mwaka wa 1973 Michael Elliott na wenzake kule Rothamsted, Uingereza, walitoa permethrin. Waliiga sumu ya pareto kwenye maabara lakini wakaitengeneza isiuawe na jua. Neti ya mbu yenye dawa unayolalia inatumia jamaa wa ukoo huo. Kwa hivyo hadithi rasmi inasema: sayansi ilitengeneza pareto bandia, pareto ya ukweli ikafa, pole sana mkulima, ndiyo maendeleo.

Hapo ndipo niliposimama, kwa sababu miaka haiingiani. Permethrin ni ya 1973. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu miaka 20 baadaye, Kenya ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 15,000 za maua makavu kwa mwaka. Wateja wa nje bado walitaka dawa ya asili, hasa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na kwa vyakula visivyo na kemikali. Na watu wa Tasmania, kisiwa cha Australia, walianza kulima pareto kibiashara miaka ya 1980. Soma hiyo tena. Nchi ambayo kibarua wa shamba hulipwa mara nyingi zaidi kuliko hapa iliingia kwenye biashara hii wakati kemikali ilikuwa tayari sokoni, ikanunua mashine za kuvuna, na leo inaongoza dunia. Kama ni maabara iliyoua ua, hawa wanauza nini?

Kilichoua pareto ya Kenya ni deni. Kisheria Bodi ndiyo ilikuwa mnunuzi peke yake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 malipo yakaanza kuchelewa. Mwezi, miezi mitatu, mwaka. Madeni kwa wakulima yakafika mamia ya mamilioni ya shilingi. Na huwezi kupeleka ua lako kwingine, ni kosa. Mkulima angefanya nini? Aling'oa, akapanda viazi. Viazi unauza barabarani, unalipwa leo. Sheria ya kufungulia wanunuzi binafsi mlango ilikuja mwaka wa 2013, wakati mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 1,000. Wateja wa ng'ambo walienda Tasmania kwa sababu mzigo wa Kenya haukuwa unafika.

Sasa toka Nakuru mjini, shuka upande wa Naivasha hadi Olkaria.

Pale mvuke unatoka ardhini na kila mtu alijua, Wamaasai walijua kabla ya ramani yoyote. Miaka ya 1950 visima viwili vilichimbwa, havikutoa kitu cha maana, kazi ikaachwa. Baada ya uhuru stima yetu ilikuwa kwa mkono wa jirani: sehemu kubwa ilitoka bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda. Nyingine ilitokana na mafuta, na mafuta yote tuliagiza. Tulikuwa tumeanza mabwawa ya mto Tana, Kindaruma likifunguliwa mwaka wa 1968. Lakini ukiangalia picha yote, mtu mmoja Kampala ama sheikh mmoja Ghuba angeweza kutuzimia taa.

Mwaka wa 1970 serikali, kampuni ya umeme ya Afrika Mashariki na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa wakaanza kupima ardhi upya. Hakukuwa na shida yoyote ya mafuta wakati huo. Mafuta yalikuwa bei ya maji. Mwaka wa 1973 mtambo wa kuchimba uko Olkaria, kisima cha kwanza hakifai, cha pili kinatoa mvuke. Oktoba mwaka huohuo vita vinazuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zinakataa kuuzia Marekani na marafiki wa Israel mafuta, na kufika Januari 1974 bei ya pipa imetoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Mara nne, ndani ya miezi mitatu. (Ndiyo, ni mwaka uleule wa permethrin. Sijui mbona shuleni hawafundishi 1973 peke yake muhula mzima.)

Angalia mpangilio hapo. Hakuna mtu Nairobi aliyetabiri vita vya Oktoba. Lakini mshtuko ulipofika, kazi ya kuchosha ilikuwa imeshaanza: kupima joto, kuchora ramani ya miamba, kufundisha Wakenya kuendesha mtambo. Bei ya mafuta ilifanya tu mradi uliokuwa unaonekana ghali uonekane rahisi ghafla. Mwaka wa 1981 mashine ya kwanza ikawashwa, megawati 15. Ya pili 1982, ya tatu 1985. Jumla megawati 45. Kwa macho ya leo ni kidogo, lakini ni stima isiyojali bei ya pipa wala ukame.

Halafu tukalala. Hii sehemu watu wa serikali huiruka wakisifu Olkaria. Kutoka 1985, kituo kikubwa kilichofuata cha serikali pale kilikuwa Olkaria II, mwaka wa 2003. Miaka 18. Katikati, mwaka wa 1991, wafadhili walifunga mifuko kwa sababu ya siasa na ufisadi, na pesa za kuchimba zikawa shida. Tulibaki kuombea mvua ijaze mabwawa. Mvua ikakataa, na mwaka wa 2000 nchi ikakatiwa stima kwa zamu, viwanda vikisimama, wakati mvuke umekaa pale Naivasha ukipanda hewani bure. Waliokuwa wakiendesha biashara ndogo wakati huo waulize watakwambia.

Na tukiamka, tulifanya hesabu ya nani analipa vibaya tena. Mwaka wa 2014 vituo vipya vilipofunguliwa, familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Malalamiko yao yalifika hadi kwa Benki ya Dunia, na wakaguzi wa benki yenyewe wakakubali kwamba kuna mambo hayakufanywa ilivyopaswa. Leo karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya ni mvuke. Simu unayosomea hii pengine imechajiwa na Olkaria. Mimi najivunia, lakini sitajifanya bili ya huo mvuke ililipwa na kila mtu sawa.

Nikiweka hivi visa viwili pamoja, naona swali la kama tuliona badiliko likija halisaidii sana. La pareto tuliliona miaka 20 kabla. La mafuta hatukuliona kabisa. Tofauti ni kwamba Olkaria mtu alilipia kazi ya miaka mingi kabla haijaleta chochote, na pale Bodi hatukulipa hata kazi iliyokuwa imeshafanywa na mzigo umeshapokelewa. Dunia ilitupiga ngumi mbili za karibu nguvu sawa. Moja ilitupata tumesimama, nyingine ilitupata tukiwa tumemwibia anayetushikilia.

Njoo sasa kwetu. Wasee wengi wa rika langu walikuwa wanalipa nyumba kwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha. Usiniulize kama ilikuwa halali, niulize kama landlodi alilipwa. Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, na kazi hizo zikaanza kukauka moja baada ya nyingine. Wengine wakahamia kazi ya kuifundisha AI yenyewe: kuweka alama kwenye picha, kusoma maandishi machafu ili mashine isiyarudie. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya waliosaidia kuichuja ChatGPT walikuwa wakipeleka nyumbani chini ya dola 2 kwa saa. Ukisoma ile ripoti vizuri utaona huyu ni mchumaji wa pareto. Ua kwa ua, kwa mkono, na thamani inaongezwa kwingine.

Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa AI, wa kufika mwaka wa 2030. Sibishi na mkakati. Bodi ya Pareto pia ilikuwa na mipango, ilikuwa na maabara, ilikuwa na kiwanda chake cha kazi hiyo. Haikuwa na tabia ya kulipa kwa wakati. Kwa hivyo mtu akija chuoni kwenu ama kwenye redio na neno la kujiandaa, msiulizane naye kama AI itachukua kazi. Muulize maswali ya kishamba. Ni kisima gani kinachimbwa sasa hivi ambacho hakitatoa kitu hadi 2035, na nani anakilipia? Na kijana anayefanya kazi ya kompyuta kwa niaba ya serikali, tuseme wale walioajiriwa kuingiza data, mshahara wao huchukua siku ngapi kufika?

Kwenye pareto kuna jambo linaendelea, kwa njia. Tangu mlango ufunguliwe kaunti kadhaa zimekuwa zikigawa miche, Nakuru ikiwemo, na kuna viwanda binafsi vinanunua. Mavuno yanapanda polepole sana. Miche ni ya bure, soko la nje bado lipo, hali ya hewa ya Molo haijahama. Lakini mzee aliyeng'oa robo ekari yake mwaka wa 2003 anaangalia hiyo miche, anaangalia viazi vyake, na anataka kwanza kujua pesa italetwa tarehe ngapi.