Kifuko cha Nyuma ya Mlango: Mzigo Mdogo wa Safari katika Kasongo na Kabambare

Ndugu msomaji, ukiingia katika nyumba nyingi za kwetu, tangu Kasongo mpaka Kabambare, utaona nyuma ya mlango, kwenye msumari, kifuko kimoja kimetundikwa. Si kikubwa. Zamani kilikuwa kikapu, kisha kikawa mfuko wa turubai, na leo mara nyingi ni mfuko wa shule ambao mtoto amekwisha kuuchakaza. Mwenye nyumba akienda kupanda kamio, anakichukua. Milio ya bunduki ikisikika usiku, anakichukua vilevile, bila kuwasha taa.

Wanafunzi wetu, tukiwauliza kifuko hicho kimetoka wapi, wanajibu mara moja: ni kitu cha vita, watu wa ONG ndio walitufundisha. Hata watu wazima wenye masomo wanasema hivyo. Sisi hatukubali. Vita viliongeza vitu vingine ndani ya kifuko, hilo ni kweli, lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko barabara tunazosafiria. Ni desturi ya msafara.

Wazee wetu wa Kasongo walijua vizuri tofauti ya mizigo miwili. Kulikuwa na mzigo wa biashara: pembe, vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, shaba, baruti. Mzigo huo ulipimwa, na mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani ama begani, siku nzima. Huo haukuwa wake. Pembeni ya huo alikuwa na mzigo wake mwenyewe: mkeka, chungu kidogo, kibuyu cha maji, posho ya siku chache, chumvi. Mzigo wa tajiri ukianguka mtoni ni hesabu ya tajiri. Mzigo mdogo ukianguka, mpagazi halali wala hali. Kwa hiyo mzigo mdogo haukupewa mtu mwingine kubeba, hata ndugu.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo vijitabu kama hiki huwa vinalipita kimya. Katika misafara ile walikuwamo pia watu waliofungwa, waliobebeshwa pembe za wale waliowakamata. Hao hawakuwa na kifuko chochote. Katika familia zetu za Wangwana, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, damu ya mwenye msafara na damu ya aliyefungwa zimechanganyika, na hakuna anayeweza kuzitenga leo. Tukisifu akili ya safari ya wazee, tukumbuke ni wazee gani walikuwa na mikono huru ya kufunga kifuko.

Mfano mkubwa wa mzigo mdogo uliopotea, tena uliokuja kumwumiza mwenyewe huku kwetu, ni wa David Livingstone. Wengi wanamjua kwa ajili ya Nyangwe, kwa sababu alishuhudia mauaji ya sokoni tarehe 15 Julai 1871. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alikaa miezi mingi Kabambare, ambayo yeye aliandika Bambarre. Alifika mara ya kwanza Septemba 1869. Alirudi Julai 1870 na vidonda vibaya vya miguu, akashindwa kutembea, hakutoka tena mpaka Februari 1871.

Dawa zake zilikuwa wapi? Zilipotea mbali sana, mwezi wa Januari 1867, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Kisanduku cha dawa alikuwa amempa kijana mmoja mwangalifu akibebe. Siku ile kijana akabadilishana mzigo na mwenzake, na huyo mwenzake akatoroka pamoja na rafiki yake, kisanduku kichwani. Kulikuwa na mvua, nyayo hazikuonekana. Walichukua na bunduki, unga, vyombo vya kulia, lakini yeye aliandika kwamba kupotea kwa dawa kulikuwa kama kuhukumiwa kifo. Alikuwa mganga wa kazi, aliyasoma hayo shuleni, na kosa lake lilikuwa moja tu: kitu cha uhai alikiweka katika mzigo wa kubebwa na watu.

Hapo Kabambare alijitibu kwa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, lililosagwa juu ya jiwe kwa maji na kupakwa kwenye kidonda kwa unyoya. Karatasi nazo zilimwishia. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, akipita juu ya maandishi ya chapa, kwa wino uliotengenezwa na mbegu za rangi za kwetu. Sisi walimu, ambao kila mwaka tunahangaika na chaki na karatasi za mtihani, tunamwelewa hapo kuliko mahali pengine popote.

Mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Nyangwe mwaka wa 1874 akitaka mitumbwi ya kushuka Lualaba. Mali alikuwa nayo, lakini si ile iliyotakiwa. Wenye mitumbwi walitaka simbi za kauri ama watumwa, na yeye shanga zake hazikufaa. Akakosa mto, akageukia kusini. Jambo hilo halijaisha. Nani kati yetu hajakataliwa noti ya dola kwa sababu ina mpasuko mdogo kama ukucha? Ndiyo maana mtu wa safari wa kwetu anaweka kifukoni faranga ndogondogo, noti safi, na kipande cha sabuni ama chumvi. Kule ndani ya kijiji sabuni inakubaliwa bila kuangaliwa kwenye mwanga.

Sasa tufike mwaka wa 1893, kwa sababu hapo kifuko kinabadilika maana. Kasongo ya wakati ule haikuwa hapa mjini tunapokaa. Ilikuwa Tongoni, na jina lenyewe linasema: mahali palipoachwa. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe, na tarehe 22 Aprili likaingia Kasongo. Mji ulishtukizwa. Mganga wa jeshi lile, Mwingereza Sidney Hinde, ameandika waliyoyakuta nyumbani: mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo, magodoro ya hariri ambayo askari wa kawaida walilalia. Katika mashamba kulikuwa mpunga, machungwa, mapera, mananasi.

Waandishi wakieleza habari hiyo wanashangaa utajiri wa mji. Sisi tunaomba msomaji aangalie viberiti. Viberiti vilibaki mezani, na wenyewe walikuwa msituni, katika majira ya mvua. Walikuwa watu wa safari, walijua kufunga mizigo kuliko wote wa nchi hii, lakini walikuwa wamekaa mjini muda mrefu, na kila kitu kilikuwa mahali pake katika nyumba nzuri. Hatuwezi kusema ni mwaka gani mtu wa kwanza alipiga msumari nyuma ya mlango. Tunachosema ni kwamba mji uliojengwa na msafara ulikimbia mikono mitupu, na tangu siku hiyo kujiandaa kwa safari na kujiandaa kwa kukimbia vimekuwa kitu kimoja kwetu.

Wakati wa Wabelgiji tutaupita haraka. Uchukuzi wa kichwa haukuisha na Waarabu, uliongezeka. Katika vita vya 1914-1918 wapagazi zaidi ya 200,000 walichukuliwa katika Kongo nzima, na Maniema ilitoa wengi, mpaka Tabora ilipoanguka Septemba 1916. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilimalizika karibu na mwaka wa 1911, lakini inapita upande wa magharibi wa Lualaba, na Kabambare haikupata kuiona. Kwetu kulibaki miguu, kisha barabara za udongo zilizolimwa kwa kazi ya lazima na kuangaliwa na wakantonye, kisha kamio.

Kamio ilileta kosa jipya. Kwa sababu kuna gari, mtu anafikiri kwamba gari ndilo litambeba yeye na vyote vyake. Magunia ya mpunga yanawekwa chini, mapipa ya mafuta ya mawese juu yake, masanduku katikati, mbuzi, magodoro, na abiria juu ya yote. Ukitaka kitu kilicho chini, ungoje mwisho wa safari. Na mwisho wa safari kwa barabara zetu anaujua Mungu peke yake.

Tulijifunza hayo wenyewe, na hatuoni haya kusimulia. Ilikuwa Machi 2011, tulipohama kufundisha upande wa Kabambare. Tulikuwa na mke wetu na mtoto wa miaka mitatu. Nyumbani kifuko kilikuwapo, mama yetu mzazi ndiye alikifunga, na ndani yake mlikuwa kinini na vidonge vya homa. Lakini siku ya kupakia, konvoyeri akasema watu wapunguze vitu vya mkononi, nafasi ni ndogo. Sisi, kwa kutaka kuonekana watu wa utaratibu, tukakitia kifuko ndani ya sanduku la bati, tukafunga kufuli. Sanduku likashuka chini ya magunia.

Usiku wa kwanza gari lililala upande katika matope, gurudumu moja hewani. Mtoto alianza kuwaka moto saa mbili ya usiku. Tukamwomba shofa afungue mizigo. Akakataa, na alikuwa na haki: kutoa gunia moja gizani kungeliangusha gari lote juu ya watu. Usiku wa manane mtoto akapata degedege.

Katika abiria alikuwamo mama mzee Mubangubangu, aliyekuwa anarudi kwao na vikapu viwili. Alifungua pindo la kikwembe chake. Ndani mlikuwa kipande cha plastiki kilichofungwa vizuri, na ndani ya plastiki vidonge vinne vya parasetamoli, chumvi, njiti za kiberiti na ubavu wa boksi lake. Akasaga nusu kidonge kwa kijiko, mtoto alipoamka akamnywesha, akalowesha kitambaa na kumpangusa mpaka alfajiri. Hakutulaumu. Alisema neno moja tu: “Mwalimu, dawa ya mutoto hailalaki na mizigo. Inalalaka na weye.”

Sanduku tulilifikia kesho yake saa saba ya mchana. Mtoto alipona. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo, na waganga wamesema yanaweza kuwa malaria yenyewe ama kinini alichopewa kwa wingi baadaye. Sisi tunahesabu zile saa kumi na saba.

Pindo la kikwembe, ndugu msomaji, ndilo kifuko cha kwanza, na ni la akina mama. Wanaume tunaandika historia ya pembe na bunduki, lakini ukiuliza namna gani watu walivuka miaka ya vita, utarudishwa kwenye pindo hilo. Vita vya RCD vilipoanza Agosti 1998, na Kindu kuanguka Oktoba ya mwaka ule, vijiji vyetu vilijikuta kati ya wanajeshi na Mai-Mai, na watu wakazoea kulala msituni mpaka serikali ya mpito ya 2003, na wengine baada ya hapo. Chakula cha msituni kilikuwapo: majani, mihogo ya mashamba yaliyoachwa, uyoga. Chumvi ndiyo ilikosa. Watu walichoma majani na kuchuja jivu lake sawa mababu, na watoto wakavimba miguu kwa njaa. Mama yetu alikuwa na chumvi ndani ya chupa ndogo ya dawa, akiihesabu kwa ncha ya kisu. Kifuko alikiita kifuko cha mbio, na kila jioni alikigusa kabla ya kulala, kama mtu anayehakikisha mlango.

Kwa Kabambare maneno haya si ya zamani. Karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila watu wamekimbia tena na tena katika miaka hii ya karibuni. Na hapo tunawaona vijana wa pikipiki, abiria wawili nyuma, bidoni ya mafuta mbele, wanaingia porini na simu peke yake mfukoni. Mahali mtandao unapoishia, simu ni tochi, na betri ikiisha si tochi tena. Hata pompa hawana, wala kiraka, wala buji ya akiba.

Tukiulizwa tuweke nini, tunajibu kwa kifuko chetu wenyewe, kisichozidi kilo nne, kwa sababu kikizidi hapo kitaachwa. Kiberiti na kipande cha mshumaa katika plastiki mbili. Chumvi. Dawa za malaria za mkubwa na za mtoto, na pakiti za maji ya kuharisha. Kisu, kamba mita kadhaa, sindano na uzi. Karanga za kukaanga. Chandarua kilichokunjwa. Kadi ya uchaguzi na fotokopi za diploma, maana sisi tulimwona mwenzetu akitafuta miaka miwili kuthibitisha kwamba ni mwalimu baada ya nyumba yake kuungua. Kikwembe kimoja, ambacho ni shuka, ni mbeleko, ni bendeji na ni pazia. Panga halimo ndani, linatundikwa pembeni yake. Na dawa zinabadilishwa kila mara shule zinapofunguliwa Septemba, la sivyo utakuta unabeba unga uliooza.

Mwaka jana, tulipokifungua, tulikuta kiberiti kimelowa. Binti yetu, yule wa sikio, ndiye aliyekikausha juani, na akatia ndani chaja ya simu bila kutuuliza. Tulitaka kuitoa. Mama yetu akatuambia tuiache, chumvi bado imo.