Jina juu ya pakiti: hukumu ya alama za biashara, Bara na Visiwani

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tuliulizwa swali hili Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, baada ya darsa la Isha, nyumbani kwa familia ya Kipemba iliyohamia huko. Mama wa nyumba hiyo husaga na kupakia viungo vya pilau kwa jina ambalo marehemu mama yake alikuwa akiuzia tangu Wete. Jina la biashara amelisajili na leseni anayo. Mwaka huu jamaa zake wamemtumia picha kutoka sokoni Darajani: pakiti za mtu mwengine, jina lile lile, rangi zile zile, na mtu huyo anacho cheti cha Zanzibar. Mama akauliza: "Sheikh, hii si dhulma?"

Barazani pa nyumba hiyo hiyo lipo duka la kijana wake. Mna jezi za timu za Ulaya zisizotoka kwa timu zenyewe, na vichupa vya mafuta vilivyobandikwa majina ya manukato ya Paris. Kuhusu duka hilo hakuna aliyetuuliza. Tukaona mambo haya mawili yajibiwe pamoja, kwani anayedai haki ya jina lake hana budi kutazama na majina ya wenzake.

Allah ametukataza katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, kuliana mali kwa batili. Je, jina ni mali? Vitabu vya kale havina mlango wa alama za biashara, lakini msingi upo. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya wengi katika pwani yetu, wanahesabu manfaa kuwa ni mali, ilhali Mahanafi wa mwanzo walitaka mali iwe kitu cha kushikika. Imam as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliandika risala nzima ya kumtofautisha mtungaji na mwizi. Kisha mwezi wa Disemba 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya OIC lilikutana Kuwait na kutoa azimio namba 43: jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya fedha kwa ada za watu wa leo, zinauzika pale pasipo na gharari wala udanganyifu, na haijuzu kuzivamia.

Wapo wanavyuoni waliopinga, hasa kwa upande wa vitabu vya dini, wakichelea elimu kufichwa. Katika alama za biashara hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu hapa mna jambo la pili zaidi ya mali, nalo ni ghushi. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Lebo ndiyo sehemu ya juu ya rundo. Mnunuzi hawezi kutia mkono ndani ya pakiti iliyofungwa, anaamini jina.

Sasa tuje kwenye sheria za nchi, na hapa ndipo familia nyingi zinapoumia bila ya kujua. Jina la biashara si alama ya biashara. Bara, yote mawili yanasajiliwa na BRELA, ndiyo maana watu wanachanganya, lakini ni kwa sheria mbili. Usajili wa jina la biashara unaeleza ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Haki ya kumzuia mwengine asilitumie juu ya bidhaa inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama huombwa kwa daraja la bidhaa: viungo vimo daraja la 30, manukato la 3, nguo la 25. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la msajili, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mama yetu alikuwa na karatasi ya kwanza akidhani anayo ya pili.

Na hata angekuwa nayo, isingevuka bahari. Milki ya ubunifu si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwandani, namba 4 ya mwaka 2008, na msajili wake ni BPRA. Cheti cha BRELA hakifanyi kazi Darajani, wala cha BPRA hakifanyi kazi Kariakoo. Watu wa Visiwani waliofungua biashara Bara, na hao ni wengi, wanapaswa kusajili pande zote mbili. Tumewahi kumsikia mfanyabiashara akisema, "Nchi si moja?" Katika hili ni mbili.

Je, cheti cha yule bwana wa Darajani kinamhalalishia jina? Ikiwa alilijua kuwa ni la mwenziwe akawahi kulisajili, hakimhalalishii mbele ya Allah. Katika Bukhari na Muslim Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na aliyekatiwa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Na ikiwa hakujua, basi hana dhambi, ila mgogoro bado upo. Tumemwambia mama akusanye ushahidi wa matumizi ya mwanzo: mifuko ya zamani, risiti, picha zenye tarehe, wauzaji wa Wete walionunua kwa marehemu. Aanze kwa sulhu kupitia wazee wa pande mbili. Ikishindikana, ipo njia ya kuomba usajili ubatilishwe, na hapo amtafute wakili anayefanya kazi Zanzibar, si wa Dar es Salaam peke yake.

Lipo jengine ambalo mama hakulifikiria. Ikiwa jina lilipata thamani mikononi mwa marehemu, basi thamani ile ni sehemu ya tarika, na ndugu zake walioko Wete wana fungu lao. Alilolikuza yeye baadaye kwa jasho lake ni lake. Wakae wakadirie kabla ya kusajili kwa jina la mmoja.

Si kila neno linamilikiwa, hata hivyo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake. Wakenya wakaweka pingamizi, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Traidcraft, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Kikoi ni vazi la pwani nzima. Lau neno lingesajiliwa, mfumaji wa kwetu angezuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake la asili! Vivyo hivyo hakuna awezaye kumiliki maneno "viungo vya pilau". Anachomiliki mama ni lile jina mahususi lililo juu yake.

Kwa kijana na jezi zake, kisa cha karibu zaidi ni cha Arsenal. Bwana Matthew Reed alikuwa akiuza skafu na vitu vya timu hiyo nje ya uwanja tangu mwaka 1970, tena aliweka bango kuwa bidhaa zake si rasmi. Arsenal wakamshitaki. Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikasema mwaka 2002 kwamba bango halitoshi, kwani skafu ikishaondoka pale kibandani, anayeiona anaweza kudhani imetoka kwa Arsenal. Na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikawapa Arsenal haki. Sisi tunaiona hoja hii inaafikiana na fiqhi. Kumwambia mnunuzi kuwa jezi si ya asili kunamwondolea ghushi yeye, lakini hakumrudishii mwenye alama haki yake.

Kuhusu mafuta pana ufafanuzi. Mwaka 2009 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, ilikataza hata orodha zinazoonesha kuwa manukato fulani ya bei nafuu yanafanana na yale mashuhuri, kwa kuwa muuzaji anajinufaisha na sifa ya mwengine. Hapa sisi hatufiki walipofika. Mwenye duka akiulizwa akasema kweli kwamba harufu hii inakaribia ile, hatuoni kuwa amedhulumu. Harufu yenyewe imo katika maua na udi. Lakini kubandika jina la watu juu ya kichupa ni kuuza kwa jina lisilo lako, na hilo hatulijuzishi.

Watu wengine huchanganya jambo hili na dawa, wakaogopa kila dawa ya bei nafuu. Dawa mbadala iliyotengenezwa kihalali, kwa jina lake yenyewe, si bandia. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimama na wagonjwa wa UKIMWI kwa sababu sheria ya bidhaa bandia ya 2008 ilikuwa na maneno yanayoweza kuzigusa dawa za namna hii.

Kwa wanaosafirisha bidhaa nje: Tanzania imo katika Mkataba wa Paris wa 1883, hivyo ukiomba alama hapa una miezi 6 ya kuomba katika nchi nyengine za mkataba na kuhesabiwa kwa tarehe ya ombi lako la mwanzo. Kwa Umoja wa Ulaya, ombi moja katika ofisi yao iliyoko Alicante, Hispania, linahusu nchi zote wanachama, kwa miaka 10. Uingereza imeshajitoa, nayo huombwa peke yake.

Zimebaki jezi alizokwishanunua kijana. Asiongeze nyengine. Zilizopo asizirudishe sokoni zikiwa na nembo. Kitambaa kinaweza kutumika kikiondolewa nembo, na hasara ni yake kwa kuwa alijua. Vichupa ni vyepesi zaidi: abandue majina, abandike lake mwenyewe, na mafuta ayauze. Jina hilo jipya, akipenda, alisajili daraja la 3, BRELA na BPRA.

Wallahu a'lam.